Sura ya Saba: Karata Zinapokunywa Mvua

Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Wenyeji hulitamka jina hilo kwa majivuno: milima tunayo, mito tunayo, mpunga na matunda tunayo, kilichopungua ni pwani tu. Mimi ninayeshika karata kila siku nimejifunza kwamba hata hiyo bahari hatukuikosa. Huja yenyewe kila masika. Hupanda na upepo kutoka Bahari ya Hindi, ikavuka tambarare, ikaja kugonga ukuta wa Uluguru. Asubuhi ya Aprili ukiinua macho kutoka mjini, huioni Bondwa wala Lupanga. Wingu limekalia vilele vyote. Wingu hilo ni bahari iliyopanda mlima. Na kipande chake kidogo kimeingia mfukoni mwangu, ndani ya pakiti yenye karata 52.

Kisa kilichonifundisha hayo kilitokea miaka mingi iliyopita, upande wa mashariki wa milima, katika shule moja ya msingi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Darasa lilijaa watoto, na wazazi walisimama madirishani. Nilimwomba mtoto mmoja achague karata. Akachukua mzungu wa nne wa kopa, akawaonyesha wenzake, akairudisha. Hapo nilitakiwa kufunua karata mbili zilizolingana hata zikaonekana moja. Zikaja nne, zimegandana. Nikajaribu kuzitandaza kama upepeo. Zikafunguka mafungu mafungu, kama kinywa chenye mapengo. Mtoto wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Zimelowa." Alisema kweli, na ukweli huo ulimaliza mazingaombwe yangu.

Nilitoka nikakaa barazani, nikailaumu mvua. Mzee mmoja aliyealikwa kuwapigia watoto ngoma alikuwa amewasha moto wa vijiti karibu na jiko la shule. Alizipasha ngozi moja baada ya nyingine, akizigonga kwa kidole na kusikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona zako zimelala."

Nikamweleza habari ya mvua, tangu mwanzo hadi mwisho. Akanisikiliza, kisha akasema, "Ngoma yangu nayo hulala mvua ikinyesha. Ndiyo maana nimekuja saa mbili kabla ya watu."

Sura hii yote ni ufafanuzi wa jibu lile.

Kinachokunywa ni nini

Karata zilitufikia pamoja na Wareno, na majina yake yanashuhudia mpaka leo. Karata yenyewe ni *carta*. Kopa ni *copas*, uru ni *ouros*, shupaza ni *espadas*, pau ni *paus*, na turufu ni *trunfo*. Wareno waliondoka pwani yetu kwa jumla karne tatu zilizopita. Maneno yao yamebaki kwenye mikeka ya wacheza karata. Lakini karata zenye picha za watu, Waswahili waliziita kwa neno lao wenyewe: mzungu wa pili ndiye malkia, mzungu wa tatu ndiye ghulamu, mzungu wa nne ndiye mfalme. Neno hilo lina undugu na neno jingine lenye uzito katika mkoa wetu. Mzungu, kwa wingi mizungu, ni jambo la ajabu au hila ya werevu. Na katika jando na unyago, mizungu ni mafunzo ya siri yanayofumbwa kwa nyimbo na vielelezo. Anayefanya kiini macho kwa karata, basi, anashika mizungu kwa maana zote mbili.

Jina ni kubwa, lakini mwili wa karata ni karatasi. Karata nzuri hutengenezwa kwa karatasi mbili zilizobandikwa kwa gundi nyeusi ili mwanga usipenye. Juu yake hupakwa utando mwembamba, na uso hugandamizwa ukapata vishimo vidogo mno, vinavyoonekana ukiinamisha karata kwenye mwanga wa dirisha. Vishimo hivyo hushika hewa. Karata inapoteleza juu ya mwenzake, inateleza juu ya hewa hiyo. Ndiyo siri ya upepeo unaofunguka sawasawa.

Karatasi ni nyuzinyuzi za mti, na nyuzi hizo hazikuacha tabia ya mti. Hewa ikiwa na maji, zinakunywa. Hewa ikikauka, zinayatoa. Zikinywa, hunenepa sana kwa upana na kurefuka kidogo tu. Kwa hiyo karata haivimbi sawa pande zote. Tena uso mmoja ukinywa kuliko mwingine, uso ulionywa hutanuka na karata hujikunja, mgongo ukatuna upande wenye maji. Iache pakiti mezani usiku mmoja wa masika bila kifuniko, kisha asubuhi itazame karata ya juu: imeinuka katikati kama paa la nyumba. Zile za chini yake bado zimelala tambarare, kwa sababu hewa haikuzifikia.

Utando wa juu hupunguza kasi ya kunywa, lakini hauzuii. Kingo nne za karata hazina utando. Pale kisu cha kiwanda kilipopita, nyuzi ziko wazi. Kingo ndizo vinywa vyake.

Mlima na hewa

Kila anayefanya kazi hii Morogoro ni lazima auelewe mlima. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi joto 30, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takribani gramu 30 za mvuke, isiweze zaidi. Kwenye nyuzi 20, hubeba takribani gramu 17 tu. Sasa mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Bondwa kinapita mita 2,100. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua karibu nyuzi sita. Hewa iliyoondoka mjini na nyuzi 30 hufika kileleni ikiwa na 20 hivi. Mjini ilikuwa imejaa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Kule juu, kwa maji yale yale, imejaa pomoni. Kinachozidi hugeuka wingu, kisha mvua, kisha Mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo usiseme "Morogoro kuna unyevu" ukaishia hapo. Upande wa mashariki, Kinole, Tegetero na Matombo, ndiko upepo wa bahari unakopokewa. Ndiko migomba na viungo vinakostawi, na ndiko karata hulewa haraka. Upande wa magharibi, Mgeta na Nyandira, mlima umekwisha kuikamua hewa. Mvua ni chache zaidi, na kipupwe cha Juni na Julai kinaweza kukausha mikono mpaka karata zikatoroka vidoleni. Mjini kwenyewe, Februari na Machi, hakuna ukungu, kuna fukuto: joto na unyevu vimeshikana mikono. Onyesho la Mgeta na la Kinole ni maonyesho mawili tofauti, hata kama karata ni zile zile na mikono ni ile ile.

Kipimo kilichoko jikoni

Vifaa vya kupima unyevu wa hewa vipo, vidogo kuliko kiganja. Asiye nacho anacho kingine jikoni, nacho ni chumvi. Chumvi safi ya mezani hubaki kavu mpaka unyevu wa hewa ufike kama asilimia 75. Ukizidi hapo, huanza kunyonya maji na kulowa yenyewe. Basi siku ya onyesho, mwaga chumvi kidogo kwenye kisosi uiweke pale utakapofanyia kazi. Baada ya saa moja, igonge kwa kidole. Ikitiririka kama mchanga, hewa haijavuka mpaka. Ikigandamana na kung'aa, imeuvuka, na karata zako ziko mashakani.

Kipimo cha pili ni boksi la karata lenyewe. Pakiti kavu huingia kwenye boksi lake bila kusukumwa. Ile iliyonywa imevimba. Inaingia kwa kusitasita, na kifuniko hakilali. Mimi hufanya jaribio hilo kabla ya kusalimiana na mwenyeji wangu.

Mikono kwanza

Watu wengi hulaumu hewa wakati kosa liko viganjani. Jasho la mwili hutokana na joto, lakini jasho la viganja hutokana zaidi na wasiwasi. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya mazoezi nyumbani saa nane mchana, fukuto limeshika, karata zikamtii. Halafu akisimama mbele ya watu jioni, kumepoa, viganja vikalowa. Maji hayo hujaza vile vishimo vya hewa. Badala ya kuteleza, karata hubanana kama vioo viwili vilivyotiwa maji katikati.

Na jasho lina chumvi. Likikauka, chumvi hubaki juu ya karata, na hewa ikilowa tena, chumvi hiyo huvuta maji papo hapo. Pakiti iliyoshikwa na mikono yenye jasho mwezi wa pili italipa deni hilo mwezi wa nne.

Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa hadi katikati ya vidole, na usipake mafuta siku hiyo. Usishike karata baada ya chapati au samaki wa kukaanga bila kunawa. Weka kitambaa cha pamba mfukoni, ukiguse kama mtu anayetafuta kitu, watazamaji hawatajali. Mwenye viganja vinavyotiririka anaweza kupaka usiku, kabla ya kulala, dawa ya kuzuia jasho la kwapa yenye chumvi za alumini, akanawa asubuhi.

Poda ya mtoto usiikimbilie. Ikikutana na jasho hugeuka uji mwembamba, na uji huo hukaa ndani ya vishimo. Wataalamu wa kutandaza pepeo kubwa hutumia unga mweupe wa stearati ya zinki, ambao hauchanganyiki na maji. Unasaidia kweli, lakini kuuvuta puani ni hatari kwa mapafu. Anayeutumia aupake kwa uangalifu mahali penye hewa, mbali na watoto.

Dawa kubwa kuliko zote ni kufanya mazoezi katika hali ile ile utakayoonyeshea. Usijifunze usiku tu, wakati upepo wa mlima umeshuka na kila kitu ni laini. Jifunze saa nane mchana, mlango umefungwa, shati limegandana na mgongo. Mkono unaojua karata ikiwa nzito utaimudu ikiwa nyepesi. Kinyume chake hakipo.

Nyumbani, safarini, mezani

Mzee yule alizipasha ngoma zake kwa moto. Usimwige kwa karata. Ngozi imewambwa, moto ukiikausha, hukazwa na vigingi vyake. Karata haina cha kuikaza: jua au jiko la mkaa vitakausha uso mmoja haraka kuliko mwingine, na itajikunja upande wa pili. Alichonifundisha mzee ni kuja mapema, moto ulikuwa njia yake tu.

Nyumbani, ziweke karata ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukivikosa, kaanga mchele bila mafuta hadi ukauke vizuri, uache upoe, ufunge kwenye kitambaa ili vumbi lake lisiguse karata. Ni hekima ile ile ya mama anayetia punje za mchele kwenye kopo la chumvi. Mchele nao hushiba, basi uukaange tena kila baada ya siku chache za mvua.

Pakiti iliyokwisha kujikunja inaponyeka. Mweleze fundi seremala akukatie vibao viwili vya mninga, vipana kidogo kuliko karata, vyenye skrubu mbili za kubana. Ikunje pakiti taratibu kinyume cha pale ilipotuna, ibane kati ya vibao, itie kwenye kopo kavu, uiache siku nzima. Ikionyesha madoa ya kuvu au kingo zimefumuka, istaafishe.

Safarini, ogopa baridi kuliko joto. Ukisafiri na treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, au na basi lenye kiyoyozi, karata zako hupoa pamoja nawe. Ukishuka ukazifungua papo hapo kwenye fukuto, hewa ya nje hugusa karata ya baridi na kuacha umande juu yake, kama inavyofanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ziache ndani ya boksi, na boksi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, kwa nusu saa. Zikishapata joto la mahali, fungua.

Na chupa hiyo ya soda ndiyo adui wa mezani. Katika sherehe zetu, meza ya plastiki hupangwa vinywaji kabla ya kitu kingine, na kila chupa huacha mviringo wa maji. Omba meza yako mwenyewe. Tandika kipande cha blanketi. Hunyonya matone, na ulaini wake huruhusu ukucha kuinua karata moja bila kuisugua. Njoo na pakiti tatu zinazofanana, uzitumie kwa zamu: moja mkononi, mbili kwenye kopo. Ikifika dakika 15, badilisha.

Karata za plastiki nazo zina mahali pake. Hazinywi maji, huoshwa na kufutwa, na kwa kucheza barazani hazina mpinzani. Lakini hazikunjiki kama karatasi, zinateleza mno zikiwa kavu, na jasho likiziingia hubanana vilevile. Jifunze nazo kama chombo kingine, usizifanye mbadala wa ghafla siku ya mvua.

Chagua mchezo unaoijua mvua

Kuna michezo inayodai karata kamilifu. Kuchanga kwa kusuka, pale pakiti inapokatwa 26 na 26 kisha zikaingiliana moja moja, ni mmojawapo. Ukiusuka bila kosa mara nane, karata ya juu ikibaki juu kila mara, karata zote 52 hurudi kwenye mpango wake wa mwanzo. Ni muujiza wa hesabu, lakini kingo zilizovimba hazitakuruhusu hata mara mbili.

Michezo mingine haijali mvua, kwa sababu kazi yake iko kwenye hesabu na maneno. Chukua karata 21. Zigawe zikitazama juu, moja moja kwa safu mlalo, hadi upate nguzo tatu za karata saba. Mtazamaji achague karata kimoyomoyo, akutajie nguzo tu. Kusanya nguzo zote, ile aliyoitaja ikae katikati. Gawa tena vilevile, uliza tena, kusanya vilevile. Rudia mara ya tatu. Sasa karata yake ni ya 11. Sababu ni nyepesi: mara ya kwanza inaingia kati ya nafasi ya 8 na ya 14, mara ya pili kati ya 10 na 12, mara ya tatu haina pa kwenda isipokuwa 11. Hata zikiwa zimenywa masika yote, zitafika. Wewe shughulika na sauti, macho na utulivu.

Utulivu wenyewe ni ufundi. René Lavand wa Argentina, aliyefariki mwaka 2015, alipoteza mkono wake wa kulia akiwa mtoto, akafanya kazi ya karata kwa mkono mmoja hadi dunia ikamjua. Hakushindana na kasi ya wenye mikono miwili. Alijenga sanaa yake juu ya upole, kila karata ikienda taratibu mbele ya macho ya watu, na mshangao ukazidi. Karata nzito ya Kinole inataka mwendo huo huo. Ukiiharakisha, itakufedhehesha. Ukiipa nafasi, watazamaji nao watapumua, na mizungu itafanya kazi yake.

Nilirudi katika shule ile masika yaliyofuata. Nilifika saa mbili kabla ya watu. Nilimwaga chumvi kwenye kisosi, ikalowa. Nikaiacha michezo yote ya ufundi wa vidole kwenye kopo, nikatoa karata 21, nikanawa mikono. Mvua ilinyesha mpaka mwisho, na hakuna aliyeiuliza.

Ndugu msomaji, usiilaumu mvua ya Uluguru. Ndiyo inayotulisha na kutunywesha, na haitaacha kunyesha kwa ajili ya pakiti ya karata. Wewe ndiwe wa kufika mapema.